Kabla ya Kuhesabu Ghorofa, Pimeni Ardhi Itakayobaki Wazi

Swali la msomaji: "Mimi na ndugu zangu watatu tumerithi nusu ekari Kileleshwa, Nairobi, yenye nyumba ya zamani isiyo ya ghorofa. Mwekezaji mmoja anataka tuingie ubia naye: sisi tutoe ardhi, yeye ajenge ghorofa 16 zenye nyumba 64, kisha tugawane nyumba hizo. Anasema kibali si tatizo kwa kuwa majirani wamejenga vivyo hivyo. Je, ni masharti gani yanayoamua ukubwa wa jengo la familia nyingi na jinsi linavyokaa kwenye kiwanja, na tuangalie nini kabla ya kutia saini?"

Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya saini na si baada yake, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza hapa hurekebishika kwa kalamu sasa, na baadaye hayarekebishiki hata kwa fedha. Mwekezaji wenu ameanza na idadi ya ghorofa. Katika taaluma ya mipango miji idadi hiyo ndiyo hupatikana mwisho. Kwanza hujulikana hati inaruhusu nini, kanda, yaani eneo la jiji lenye masharti yake ya ujenzi, inaruhusu nini, kisha kiwanja chenyewe kinaweza kubeba nini baada ya kutengewa mwanga, hewa, magari, maji, majitaka na njia ya zimamoto. Kinachosalia baada ya hesabu hizo ndicho jengo, na urefu wake ni matokeo tu.

Anzeni na hati yenu ya umiliki, kurasa zile za masharti ambazo watu wengi huziruka. Ardhi nyingi ya makazi Nairobi ni ya kukodishwa kwa muda maalumu, aghalabu miaka 99, na hati za zamani za mitaa kama wenu mara nyingi zina sharti kwamba ardhi itumike kwa nyumba moja ya makazi ya familia moja, pamoja na sharti jingine linaloweka kikomo cha sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na majengo. Masharti haya hayafutiki kwa sababu mtaa umebadilika. Hubadilishwa kwa maombi rasmi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, yakaidhinishwa, kisha mabadiliko hayo yakaandikwa katika rejista ya ardhi. Angalieni pia miaka iliyosalia katika ukodishaji huo, kwa maana mtu anayenunua nyumba katika ghorofa ya kumi hununua miaka hiyo pamoja na kuta, na benki itakayomkopesha itaihesabu kabla yake.

Baada ya hati huja kanda. Mwongozo wa kanda za ujenzi wa Jiji la Nairobi wa mwaka 2004 uliziweka Kileleshwa, Kilimani na Riverside katika kanda namba 4. Kwa viwanja vilivyounganishwa na mabomba ya majitaka, mwongozo huo uliruhusu jengo kufunika asilimia 35 ya kiwanja, jumla ya sakafu zote isizidi asilimia 75 ya ukubwa wa kiwanja, na ghorofa zisizidi nne. Pale pasipo na bomba la majitaka, majengo ya familia nyingi hayakuruhusiwa kabisa.

Vipimo viwili hivi, asilimia ya kufunika na uwiano wa sakafu, huchanganywa hata na watu waliozoea ujenzi, kwa hiyo nitavifanyia hesabu kwa kiwanja chenu. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Tuseme mita 40 mbele barabarani na mita 50 kwenda nyuma. Asilimia 35 ya kufunika ni mita za mraba 700, yaani hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote ambayo jengo linaweza kuacha ardhini. Asilimia 75 ya uwiano wa sakafu ni mita za mraba 1,500, na hizo ni sakafu zote zikijumlishwa, kutoka chini hadi juu. Mkijenga kwa alama kamili ya mita 700, mtakuwa mmemaliza haki yenu baada ya ghorofa mbili na kipande, na mtabaki na mita 1,300 za ardhi wazi. Mkijenga ghorofa nne zenye sakafu ya mita 375 kila moja, mtapata nafasi ile ile ya kuishi, lakini ardhi iliyo wazi itapanda hadi mita 1,625. Hapo mnaona kwamba ghorofa haziongezi nyumba peke yake. Zinaweza pia kutumiwa kurudisha ardhi kwa wakazi, na swali la kumwuliza msanifu yeyote anayependekeza kwenda juu ni hili: tunapopanda, chini tunapata nini?

Katika zile mita 1,500, toeni kama asilimia 15 kwa ajili ya kuta, ngazi na ujia. Zinazobaki zinatosha nyumba 11 za vyumba vitatu vya kulala zenye mita za mraba 110 kila moja, au nyumba 21 za mita 60. Pendekezo la mwekezaji, nikilichukulia kwa sakafu ya mita 600 mara ghorofa 16, linafika mita za mraba 9,600. Huo ni uwiano wa asilimia 480, zaidi ya mara sita ya ule ulioandikwa kwa kanda hiyo.

Sasa, ni kweli anavyosema kwamba Kileleshwa na Kilimani zimejaa majengo marefu kuliko ghorofa nne. Mwongozo wa 2004 uliandikwa kwa mji mdogo kuliko wa leo, na Mpango Jumuishi wa Ustawi wa Nairobi ulioandaliwa mwaka 2014 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA ulikubali kwamba maeneo yaliyo karibu na katikati ya jiji yatalazimika kubeba watu wengi zaidi. Pengo kati ya maandishi ya zamani na vibali vinavyotolewa limezaa kesi nyingi, vyama vya wakazi vikidai kwamba minara imeidhinishwa bila sera inayoeleweka wala miundombinu ya kuitosheleza. Msimamo wangu ni kwamba jiji linahitaji nyumba nyingi zaidi karibu na kazi, na ghorofa nne katika mtaa uliopo kilomita chache kutoka katikati ya jiji ni matumizi haba ya ardhi. Lakini kibali cha jirani si kibali chenu. Jirani huenda aliidhinishwa kwa masharti msiyoyajua, huenda barabara yake ni pana kuliko yenu, na huenda yuko mahakamani hivi sasa. Ombeni idara ya mipango ya kaunti iwape kwa maandishi masharti yanayotumika leo kwa namba ya kiwanja chenu, na barua hiyo muisome nyinyi wenyewe badala ya kusimuliwa na mwekezaji.

Utaratibu wenyewe unaongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Hakuna ujenzi unaoruhusiwa bila kibali cha kaunti, na anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, mbali na kuamriwa arudishe ardhi ilivyokuwa. Sheria inamtaka mwombaji aujulishe umma kuhusu anachokusudia kujenga. Inasema pia kwamba maombi yasipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Msikubali mradi wenu usimame juu ya ukimya huo, hata kama sheria inautambua, kwa sababu jirani aliyekasirika atauliza mahakamani ni nani aliyezipima athari, nanyi hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya maelewano ya kaunti, na kutoka hapo shauri linaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hayo ni ya ofisini. Yanayoamua kama watu wataishi vizuri katika nyumba hizo yako kiwanjani, na hapa ndipo ningependa mkae na mchoro kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Chukueni kwanza mipaka ya pembeni. Mwekezaji anayetaka kujaza kiwanja husogeza jengo hadi mita 3 kutoka ukutani. Jirani naye akifanya vivyo hivyo, madirisha ya sebule mbili yataangaliana kwa umbali wa mita 6. Kwa nyumba za ghorofa mbili umbali huo unavumilika. Kwa minara ya ghorofa 16, yenye urefu wa takriban mita 48, mtu aliye katika nyumba za chini atalazimika kuinua macho karibu wima ili aone anga, atawasha taa saa sita mchana, na atafunga pazia usiku na mchana kwa sababu jirani anaona sahani iliyo mezani kwake. Kadiri jengo linavyopanda, umbali kutoka mpakani lazima uongezeke nao. Mchoro unaobakiza mita zile zile 3 kwa ghorofa nne na kwa ghorofa 16 haukuchorwa na mtu aliyewafikiria wakazi wa ghorofa ya kwanza.

Kivuli nacho kina hesabu yake. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu utosini, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Disemba. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua la upole ambalo ukingo mdogo wa zege juu ya dirisha hulizuia. Kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa na jua la pembeni ambalo ukingo haulizuii. Jengo refu na jembamba lenye pande zake ndefu kaskazini na kusini litakaa na vyumba vya wastani mwaka mzima, ilhali lile lililogeuzwa litawachemsha wanaotazama magharibi kila alasiri ya Februari. Na mwezi Machi au Septemba, saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limebakiza nyuzi kama 30 juu ya upeo, mnara wa mita 48 hulaza kivuli cha mita 83 hivi upande wa mashariki, yaani kinavuka viwanja viwili vya upana kama wenu. Jengo la ghorofa nne, saa hiyo hiyo, kivuli chake hakifiki mita 21. Takwimu hizi mnaweza kuzipeleka wenyewe kwa jirani wa mashariki kabla hajazisikia kwa wakili wake.

Tahadharini sana na mashimo ya hewa ya ndani. Kwenye ploti ndogo za futi hamsini kwa mia katika mitaa kama Pipeline na Huruma, majengo hufunika kiwanja chote, na vyumba hupewa dirisha linalofunguka kwenye shimo jembamba katikati ya jengo. Hewa haisogei humo, moshi wa jiko la chini huingia chumba cha juu, na nguo hazikauki. Mtindo huo umepanda polepole hadi mitaa ya bei ghali, ukifichwa na vigae vizuri na lango la umeme: jiko na choo, na wakati mwingine hata chumba cha kulala, vinapumulia shimo lenye upana wa mita mbili. Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Kila chumba cha kuishi au kulala kiwe na dirisha linalotazama nje kabisa, ukubwa wake usipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu ya chumba hicho, na angalau nusu yake ifunguke. Ipitieni ramani ya ghorofa moja chumba kwa chumba, mkiweka alama kwenye kila dirisha. Ni kazi ya jioni moja, na haihitaji shahada.

Kisha magari, ambayo katika miradi ya aina hii ndiyo hula kiwanja kuliko kitu kingine chochote. Nafasi moja ya gari ni mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari linahitaji takriban mita za mraba 28. Nyumba 64 zikipewa wastani wa gari moja na nusu ni magari 96, na hayo yanataka mita za mraba karibu 2,700. Kiwanja chenu kizima ni 2,000. Ina maana magari peke yake hayatoshi hata mkibomoa kila kitu na kulaza lami kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo mtachimba ghorofa mbili za chini ya ardhi. Kila ghorofa ya kina cha mita 3 inahitaji mteremko wa kushukia. Kwa mwinuko wa mita moja kwa kila mita 8, mteremko huo una urefu wa mita 24, na juu yake lazima pawe na kipande tambarare cha angalau mita 5 kabla ya lango ili gari linalotoka lisimame bila kuingiza pua barabarani. Wekeni mita hizo 29 kwenye kiwanja chenye kina cha mita 50, kisha mwulizeni mwekezaji watoto watachezea wapi.

Ghorofa za chini zikichimbwa kutoka mpaka hadi mpaka kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye picha za matangazo. Hakuna tena udongo halisi. Miti mikubwa ya Kileleshwa haiwezi kuota juu ya dari ya maegesho iliyofunikwa kwa udongo wa nusu mita, na mvua haina pa kuzama. Mvua moja ya milimita 50 juu ya mita za mraba 2,000 zilizofunikwa kwa zege na vigae ni lita 100,000 za maji, na maji hayo yatakwenda barabarani au kwa jirani aliye chini yenu. Mimi hushauri ukanda wa udongo usiochimbwa ubaki angalau upande mmoja mzima wa kiwanja, wenye upana unaotosha mizizi ya mti, na maji ya paa yavunwe katika tangi kabla ya kuachiwa polepole. Uchimbaji wa kina ukutani kwa jirani pia hutaka kingo imara zilizobuniwa na mhandisi, baada ya udongo wa mahali hapo kupimwa.

Kuhusu maji safi, nyumba 64 zenye watu wanne kila moja, wakitumia lita 100 kwa siku kila mmoja, ni lita 25,600 kwa siku. Familia ya watu sita katika nyumba yenu ya sasa, kwa matumizi hayo hayo, ni lita 600. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, na mgao wa maji kwa zamu umekuwa jambo la kawaida katika mitaa mingi. Jengo lisilo na akiba ya angalau siku tatu, yaani lita zipatazo 77,000, litaishi kwa malori ya maji yanayoziba barabara alfajiri. Kisima cha kuchimba kina kibali chake na si haki inayokuja na ardhi.

Majitaka yanafuata maji. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama majitaka, ambayo hapa ni zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Ndiyo maana mwongozo wa 2004 ulifunga majengo ya familia nyingi na bomba la majitaka, na naliona hilo kuwa sharti lenye busara kuliko yote yaliyomo ndani yake. Mabomba ya mtaa wenu yalilazwa kwa ajili ya nyumba chache zenye bustani kubwa. Pateni barua kutoka kwa kampuni ya maji na majitaka inayosema bomba lililo mbele ya kiwanja chenu lina kipenyo gani na kama lina nafasi ya kupokea kiasi hicho, mkikumbuka kwamba wawekezaji wengine wanne huenda wameahidiwa nafasi hiyo hiyo.

Mito midogo ya Kirichwa hupita katika sehemu hizo. Kiwanja chenu kikigusa mmoja wao, kanuni za maji zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni ubaki bila kujengwa, kulingana na upana wa mto, na ukanda huo upimwe na mamlaka husika wala si kwa macho. Mwaka 2018 majengo makubwa ya biashara yalibomolewa Nairobi kwa sababu ya kukalia kingo za mito, likiwemo South End Mall, na kuwa na karatasi za kibali hakukuwaokoa wenyewe. Kabla ya hapo, usiku wa Aprili 29 mwaka 2016, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto huko Huruma lilianguka baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Ninalitaja kwa sababu ya waliokufa, na kwa sababu waliokaa humo walikuwa wapangaji ambao hakuna aliyewaonyesha ramani.

Zimamoto husahaulika hadi siku ya moto. Simameni langoni mjiulize kama gari la zimamoto litaingia, litakaa upande gani wa jengo, na kama waya za umeme na ukuta wa maegesho havitalizuia. Njia isiyopungua mita 4 kwa upana, isiyo na paa la lango la chini, ndiyo ninayoishauri. Ndani, jengo la urefu huo liwe na ngazi mbili zilizotengana, kila moja ikiwa na kuta na milango inayozuia moshi, ikishuka moja kwa moja hadi nje bila kupitia maegesho. Uingereza, baada ya moto wa Grenfell Tower mwaka 2017 uliowaua watu 72 katika jengo la ghorofa 24 lenye ngazi moja, iliamua kwamba majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18 yawe na ngazi ya pili kuanzia mwaka 2026. Nyumbani, Kanuni za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika 2025 na kuchukua nafasi ya zile za 1968, ndizo msanifu na mhandisi wenu wanapaswa kuzifuata, na mnayo haki ya kuwataka waandike kwenye michoro ni kipengele gani kinatimizwa wapi. Kwa ghorofa 16, lifti mbili ni za lazima kwa akili ya kawaida tu: moja ikiharibika, mama mjamzito wa ghorofa ya 13 asiwe mfungwa.

Vibali vingine nitavipitia haraka. Mamlaka ya usalama wa anga lazima ithibitishe urefu, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Wilson hauko mbali. Tathmini ya athari kwa mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na leseni yake inaweza kupingwa katika Baraza la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60, kwa hiyo kuanza kuchimba siku ya pili baada ya leseni ni kucheza kamari na fedha za wanunuzi. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wataalamu wote wawe wamesajiliwa, na hilo huthibitishwa katika bodi zao bila kutegemea muhuri uliopigwa kwenye mchoro.

Sasa mkataba wenyewe. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inawezesha kila nyumba kupata hati yake, huku ardhi na sehemu za pamoja zikimilikiwa na wenye nyumba wote kwa mafungu na kusimamiwa na shirika lao. Hapa muundo wa kiwanja unageuka kuwa mali. Mchoro wa sehemu unaosajiliwa ndio huonyesha maegesho ni ya nani, paa ni la nani, na kama bustani ni ya wote au imeachwa kwa mwekezaji ili aongeze jengo la pili baadaye. Nimeona miradi ambayo uwanja wa watoto ulikuwepo kwenye kijitabu cha mauzo, haukuwepo kwenye mchoro uliosajiliwa, na miaka michache baadaye ukawa maduka. Lisilosajiliwa msilihesabu.

Kwa hiyo nashauri mkataba useme kwamba ardhi haitahamishwa wala kuwekwa rehani hadi barua ya masharti ya kanda, kibali cha kubadilisha matumizi, kibali cha ujenzi, leseni ya NEMA iliyopitisha muda wa rufaa, na barua ya uwezo wa bomba la majitaka viwe mikononi mwa wakili wenu, si wa mwekezaji. Useme pia kwamba mgao wenu ni asilimia ya sakafu itakayoidhinishwa, pamoja na maegesho yake, badala ya idadi fulani ya nyumba, kwa maana kaunti ikipunguza ghorofa 16 kuwa nane, ahadi ya "nyumba kadhaa" itakuwa chanzo cha ugomvi. Na kabla ya haya yote, ajirini mpangaji miji wenu wenyewe, hata kwa kazi ya wiki chache, awafanyie hesabu kama hizi kwa vipimo halisi vya ardhi; gharama yake ni ndogo sana mbele ya thamani ya nusu ekari Kileleshwa.

Mtakapokutana tena na mwekezaji, mwombeni mchoro wa kiwanja kizima kwa kipimo cha 1:200, wenye mipaka, majengo ya majirani pamoja na madirisha yao, mteremko wa magari, matangi, njia ya zimamoto na ukanda wa udongo usiochimbwa, kisha mpake rangi sehemu yote isiyojengwa wala kukanyagwa na gari. Akileta picha za jengo kwa mbali na machweo nyuma yake badala ya mchoro huo, mwambieni kwa heshima kwamba mtamsubiri aulete, na msitie saini siku hiyo.